Onyesho si uzinduzi: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watano wa Kisauni na Bombolulu, twatengeneza filamu fupi kwa simu na kamera za kukodi. Tunazo nane hivi, zetu na za wenzetu wa Likoni na Magongo, na hakuna aliyeziona ila jamaa zetu. Twataka kuzionyesha hapa hapa Mombasa kila mwezi. Mmoja wetu ataka tungoje mdhamini, tukodi jumba la sinema Nyali na tutandike zulia jekundu. Mwingine asema tutundike shuka uwanjani tuonyeshe bure. Tuanzie wapi? Ruhusa twapata wapi? Tutoze kiingilio ama la? Na tukishazionyesha, tuziweke YouTube?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msingoje mdhamini. Mwenzenu wa zulia jekundu anazungumzia uzinduzi, nanyi mwaniuliza habari ya onyesho, na hayo ni mambo mawili. Uzinduzi ni karamu. Waja mama, mashangazi, mwalimu wa zamani na mwakilishi wa wadi (MCA), watu wapiga picha mlangoni, wapiga makofi, na filamu yenyewe yatazamwa nusu nusu. Sina ubishi na hilo, mtu akimaliza kazi ana haki ya kusherehekewa. Ila mwelekezi chipukizi hajifunzi kitu kwa makofi ya shangazi yake. Kinachomfaa ni kuketi safu ya nyuma katika chumba chenye watu arobaini, wengi wao hawamjui, asikie kikohozi kikianza dakika ya nne, aone simu zikiwashwa pale alipodhani pana uzito, na asikie kicheko mahali ambapo hakuandika kichekesho. Pangeni kila kitu, kuanzia ukumbi mpaka pesa, kwa kujiuliza kama kitamleta huyo mtazamaji asiyewajua.

Wala msidhani Mombasa haina watazamaji. Mji huu ulikuwa na majumba kama Regal, Naaz na Majestic, na wazee wa Mji wa Kale watawaimbia nyimbo za picha za Kihindi walizoziona humo. Majumba yalipofungwa, kijana asiye na nauli ya Nyali alihamia kibanda cha video, bao la kukalia na runinga moja, huku DJ Afro akiisimulia filamu ya mapigano kwa mzaha wake. Ndiyo maana mtazamaji wetu hajazoea kunyamaza. Anamwonya mhusika, anamjibu adui, anamgeukia jirani kuuliza "huyu ni yule wa mwanzo?" Wapo wanaoona ni utovu wa adabu. Kwangu mimi ni neema, maana mwelekezi anajua papo hapo kama filamu imeshika, bila kumgawia mtu fomu ya kujaza.

Na msiidharau filamu fupi kwa ufupi wake. Ravneet Chadha aliitengeneza Subira, kisa cha msichana wa Lamu anayetaka kuogelea, kwanza kama filamu fupi mwaka 2007. Filamu ndefu ya jina hilo hilo ilitoka 2018, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Mwaka 2023 ikachaguliwa Mvera ya Daudi Anguka, mwelekezi wa huku huku Pwani. Hesabuni wenyewe miaka kati ya Subira ya kwanza na ya pili. Kazi hii ni ya watu wanaorudia, na onyesho la kila mwezi linawapa mahali pa kurudia.

Ukumbi na saa

Maonyesho matatu ya kwanza fanyeni ndani ya kuta nne. Uwanjani kuna raha yake lakini kuna hesabu ambazo mwenzenu hajazipiga. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Picha haionekani vizuri nje kabla ya saa moja na nusu, na hapo Isha imekaribia, kwa hivyo mtaanza saa mbili usiku na kumaliza saa nne. Msichana wa Likoni avuke feri saa hiyo? Mamake atakubali mara moja, ya pili atakataa. Halafu kuna upepo. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba kusi huvuma kwa nguvu, na shuka lililofungwa kwenye nguzo mbili ni tanga tu, litavuta nguzo na projekta pamoja. Shirika la FilmAid lilionyesha filamu za nje kwa miaka katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, na skrini yake ilifungwa kwenye lori. Tamasha la Zanzibar, ZIFF, huonyesha filamu nje Ngome Kongwe, na kuta za ngome zinafanya kazi kubwa kuliko mtu anavyodhani. Ninyi hamna lori wala ngome. (Fort Jesus iko, najua. Iacheni kwanza. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na pahali pa namna hiyo huombwa na kundi ambalo tayari lina mwaka mmoja wa maonyesho ya kujivunia.)

Ndani mwaweza kuanza saa kumi alasiri, watu wakishaswali Alasiri. Filamu za dakika sabini zaisha saa kumi na moja na dakika kumi, mazungumzo yaenda mpaka saa kumi na mbili kamili, watu watoka kabla ya Maghrib na tuktuk bado zimejaa barabarani. Sharti ni chumba kiwezekane kutiwa giza. Nendeni mkakitazame saa ile ile ya alasiri, maana chumba chenye giza asubuhi huenda kinapigwa na jua la magharibi saa kumi na moja. Pazia nzito au karatasi nyeusi za plastiki na gundi ya utepe zatosha.

Pahali pa kuuliza si pachache. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ni nyumba ya vijana wa sanaa na teknolojia na wamezoea shughuli za aina hii. Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, kiko pia. Little Theatre Club, barabara ya Mnazi Mmoja, ni ukumbi wa michezo ya kuigiza, kwa hivyo viti vyatazama mbele na sauti ya mtu yasikika bila kupiga kelele. Pia kuna kumbi za kijamii na madarasa ya shule huko huko Kisauni. Mkiomba, msiandike barua ya kusaidiwa. Andikeni ukurasa mmoja: siku gani ya mwezi, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, nani atasafisha, nani ni mtu wa kupigiwa simu. Meneja wa ukumbi anaogopa fujo na stima kuliko anavyopenda pesa zenu. Na kila onyesho la tatu litokeni kisiwani. Watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe wamechoka kuambiwa kila kizuri kiko mjini.

Jumba la sinema, Nyali Cinemax au lolote lile, ni la baadaye, siku mtakapokuwa na filamu ndefu. Majumba hayo huonyesha faili ya aina maalumu iitwayo DCP, siyo ile mp4 ya kwenye flashi. Kuitengeneza si uchawi, programu ya bure ya DCP-o-matic yaifanya, lakini yahitaji kujaribiwa kwenye mashine za jumba lenyewe kabla ya siku, na muda wa jumba hulipiwa.

Siku yoyote mtakayochagua, ishikeni. Jumapili ya mwisho wa mwezi, iwe mvua iwe jua. Mtu aliyekuja mara moja akapenda asihitaji bango kujua lini arudi. Kabla ya kuamua, tazameni ratiba ya ligi ya Uingereza, kwa sababu mechi ya Arsenal na Manchester United itawachukulia nusu ya watu hata mkiwapa biriani. Ramadhani pumzikeni, mtumie mwezi huo kuchagua filamu.

Sauti kabla ya picha

Hapa ndipo ningeweka kila shilingi ya kwanza. Mtazamaji husamehe picha iliyofifia. Sauti asiyoisikia haisamehi, na hatakwambia kwamba tatizo lilikuwa sauti, atasema filamu haikumvutia. Nimeona filamu nzuri ikiuawa na spika moja iliyowekwa chini karibu na laptopu, walioko mbele wakiziba masikio na walioko nyuma wakisoma midomo.

Kodini spika mbili zenye stendi, za muziki wa kawaida tu, mziweke kulia na kushoto kwa skrini kwa urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama. Msizijaribu kwa wimbo. Kila spika ya Mombasa hucheza wimbo vizuri. Zijaribuni kwa maneno: chukueni filamu yenye mazungumzo ya chini kabisa, mmoja wenu aketi safu ya mwisho, pembeni, feni zikiwa zimewashwa. Asiposikia, punguzeni besi kwanza kabla ya kuongeza sauti, maana katika chumba cha saruji besi ndiyo inayofunika maneno. Kuta tupu hurudisha sauti, basi tandikeni mikeka na mtundike leso au mapazia ukuta wa nyuma. Feni zenyewe ni fitina. Mkizizima watu wataoga jasho, mkiziwasha zote mazungumzo yatapotea. Washeni za pembeni, na mfungue milango yote nusu saa kabla ili chumba kianze kikiwa na hewa.

Jambo la pili la sauti ni kwamba kila filamu inakuja na kimo chake. Ya kwanza inanong'ona, ya pili inapasua. Kaeni na filamu zote siku mbili kabla, mziandikie kwenye karatasi: hii namba sita, hii namba nne, hii nane, na mtu mmoja asimame na hiyo karatasi kwenye kitasa cha sauti siku yenyewe. Mwenye ujuzi wa kuhariri azilinganishe ndani ya kompyuta, ni bora zaidi. Ila asiiguse kazi ya mtu bila idhini yake.

Picha sasa, kwa ufupi. Projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 zilizopimwa kwa kipimo cha ANSI yatosha skrini ya mita tatu hadi nne kwa upana chumba kikiwa giza. Zile ndogo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya simu ya kawaida na kutangazwa kuwa na lumeni 9,000 huwa na sehemu ndogo tu ya hizo. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni skrini nzuri kuliko shuka lenye mikunjo. Stima ikipotea ghafla, projekta ya taa huumia kwa sababu feni yake husimama taa ingali moto, kwa hivyo kodini na betri ya akiba hata ya dakika kumi, ipate kupoa na kuzimwa kwa utaratibu.

Filamu zote ziombeni wiki mbili kabla, za mp4 zenye ukubwa wa 1920 kwa 1080. Kila moja itazameni mwanzo mpaka mwisho kwenye laptopu ile ile itakayotumika, maana faili huweza kuanza vizuri ikakwama dakika ya tisa. Zimeni intaneti na ujumbe wa simu kwenye laptopu hiyo. Hakuna aibu kama ya WhatsApp ya mtu kujitokeza juu ya uso wa mhusika anayelia. Filamu yenye Kigiriama, Kidigo au Kiingereza iwe na maandishi ya chini ya Kiswahili yaliyobanwa ndani ya picha, na herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka safu ya mwisho.

Kuchagua na kupanga

Nane mlizo nazo msizionyeshe zote siku moja. Tano zatosha, jumla dakika sitini hadi sabini. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuhesabu. Na tangu onyesho la pili toeni wito wa wazi, wenye tarehe ya mwisho na urefu usiozidi dakika ishirini, na wachaguzi wawe watatu, mmoja wao asiwe wa kundi lenu. Kundi linaloonyesha filamu za wanachama wake tu hugeuka klabu baada ya miezi minne, nazo klabu tunazo za kutosha. Kila atakayekataliwa aandikiwe mistari miwili yenye sababu ya kweli. Mistari hiyo miwili itawaletea filamu bora mwaka ujao kuliko tangazo lolote. Mkiona wito umeleta wavulana watupu, msiseme "wasichana hawakuleta". Wapigieni simu. Wako, wengi wanahariri na kuandika nyuma ya kazi za wengine.

Kupanga ni kazi yenye ladha yake na kila mtu ana yake. Yangu ni hii: anza na fupi yenye nguvu, ya dakika tano au sita, isiwe ndiyo bora kuliko zote. Ya pili iwe ya kuchekesha kama ipo. Nzito kabisa, ile ya msiba au dawa za kulevya, iwe ya tatu, na baada yake acheni nusu dakika ya giza kabla ya inayofuata. Bora iwe ya nne. Ya mwisho iwe ile yenye jambo la kubishaniwa, kwa sababu ndiyo watu watakayoingia nayo kwenye mazungumzo. Katika kila onyesho tieni moja ya kutoka nje ya Mombasa, Lamu, Zanzibar, Nairobi, kokote, ili wenyeji wapate kipimo. Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi ulioanzishwa na Judy Kibinge huko Nairobi, wamekuwa wakiandaa maonyesho ya filamu fupi kwa muda, na kuwaandikia kuomba wawaunganishe na wenye filamu hakugharimu kitu.

Ruhusa

Hili msilifanyie mzaha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo ni ya tangu 1962, yadai filamu inayoonyeshwa kwa umma iwe imepitiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, na kupewa cheti na daraja: ya wote, ya ushauri wa mzazi, ya miaka 16, ya miaka 18. Kutotoza kiingilio hakuwaokoi. Kinachotazamwa ni kama umma unaruhusiwa kuingia. Bodi ina ofisi Mombasa. Nendeni kwa miguu, mapema, mkiwa na filamu, muhtasari wa kila moja na majina ya waliohusika, na muulize ada kabla ya kupanga bajeti. Bodi hiyo ina meno. Mwaka 2018 iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya mapenzi ya wasichana wawili, na ilibidi Mahakama Kuu iisimamishe marufuku hiyo kwa siku saba ndipo ikaonyeshwa nchini. Filamu zenu huenda hazina la kuitisha bodi, lakini cheti mkononi ndicho kitakachomfanya meneja wa ukumbi alale usingizi.

Mjulisheni mkuu wa kituo cha polisi (OCS) na chifu kwa barua, na kaunti mkiwa nje au mkitumia ukumbi wake. Kelele zina kanuni zake tangu 2009, chini ya sheria ya mazingira, sababu nyingine ya kubaki ndani na kumaliza kabla ya Maghrib. Mkipiga picha za watoto ili kutangaza onyesho lijalo, ombeni idhini ya mzazi. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 yataka hivyo.

Kitakachowasumbua zaidi ni muziki. Nina hakika kati ya filamu nane, tatu zina wimbo wa Bongo Flava au taarabu uliochotwa mtandaoni. Wimbo mmoja una haki mbili, ya aliyeutunga na ya aliyemiliki rekodi, na filamu yahitaji ruhusa ya zote mbili. Kukatiwa risiti ya kucheza muziki ukumbini hakuitakasi filamu yenyewe. Kwa bahati mwaishi Mombasa, wapigaji wa taarabu, chakacha na mwanzele wako mtaani na wengi wana kazi zao wenyewe ambazo wangependa zisikike. Mwendeeni mmoja, mwombe kipande cha dakika mbili, muandikiane karatasi yenye sahihi, na jina lake liwe kubwa mwisho wa filamu. Filamu isiyo na karatasi hiyo itakwama mlango wa tamasha la kwanza la maana.

Pesa

Tozeni. Kidogo, lakini tozeni. Onyesho la bure lina tabia moja: watu themanini huahidi, ishirini huja. Mtu aliyetuma shilingi mia mbili kwa M-Pesa siku tatu kabla atakuja hata kukinyesha. Wanafunzi na wazee walipe nusu, na jirani asiye nacho aingie bila kelele.

Halafu mlipeni mwenye filamu. Hapa sitaki mjadala. Ukumbi unalipwa, wa spika analipwa, wa projekta analipwa, kijana wa mabango analipwa, na yule ambaye bila yeye hakuna la kutazama anaambiwa amepata jina. Fanyeni hesabu ya wazi. Tuseme watu hamsini kwa mia mbili, ni elfu kumi. Gharama zikala elfu nne. Zilizobaki elfu sita, nusu igawanywe sawa kwa filamu tano, kila moja mia sita, bila kujali dakika zake. Nusu ya pili iwe akiba ya spika zenu wenyewe. Mia sita haitoshi hata bando la mwezi, lakini mwelekezi ataondoka na stakabadhi inayosema filamu yake ililipiwa, na siku ya kuomba ufadhili stakabadhi hiyo ina uzito. Hesabu hizo zibandikeni kwenye kundi lenu la WhatsApp kesho yake asubuhi, kabla maneno hayajaanza.

Mhogo, viazi karai na kahawa mwachieni mama wa mtaa auze mlangoni kwa faida yake. Msimtoze. Watu hubaki pale penye kahawa, na wakibaki wanazungumza.

Mazungumzo

Watu wa Pwani tuna adabu ya kumsifu mtu usoni na kumchambua barazani. Mkimpa mwelekezi maiki mara taa zinapowaka, mtapata "hongera sana, endelea vivyo hivyo" kumi mfululizo, na ukweli utasemwa usiku Kibokoni yeye hayupo. Geuzeni utaratibu. Dakika kumi za kwanza mwelekezi hasemi kitu, ameketi na daftari. Mwendeshaji awaulize watazamaji maswali yasiyodai sifa wala lawama. Yule mzee alikuwa nani kwa msichana? Ni wapi ulipotea? Ungeikata wapi? Mwanamke aliondoka mwisho au alibaki? Watu watabishana wao kwa wao, na mwelekezi atagundua kwamba nusu ya ukumbi haikuelewa kuwa mzee ni baba, jambo ambalo kwake lilikuwa wazi kama mchana. Baada ya hapo ndipo aulizwe yeye, na asijitetee.

Mwendeshaji mzuri ni adimu kuliko projekta. Mtafuteni mwalimu wa fasihi au mtangazaji wa redio anayejua kumkatiza mtu kwa heshima, kwa sababu kila ukumbi wa Mombasa una mzee mmoja mwenye hotuba. Mtakosolewa lugha pia, jiandaeni: "mtu wa Mji wa Kale hasemi hivyo" ni sentensi mtakayoisikia kila mwezi. Iandikeni. Mara nyingi ni kweli, na mwigizaji aliyejifunza Kiswahili kwenye tamthilia za Nairobi akipewa mistari ya bibi wa Kibokoni, ukumbi mzima unatoka nje ya hadithi.

YouTube

Msiweke, wala msionyeshe moja kwa moja kwenye Facebook siku ya onyesho. Tamasha nyingi hazitaki filamu iliyo wazi mtandaoni, na kwa filamu ndefu baadhi ya kubwa, Berlinale ya Ujerumani ikiwa mojawapo, hutaka kwenye mashindano yao iwe haijaonyeshwa nje ya nchi ilikotengenezwa. Kwa filamu fupi masharti kwa kawaida ni mepesi, na kuionyesha Kisauni mbele ya watu arobaini hakutawafungia mlango wa ZIFF wala wa Kalasha, tuzo za filamu za Kenya. Someni tu masharti ya mwaka husika. Filamu ikishazunguka tamasha mwaka mmoja au miwili, mwenyewe akitaka, aiweke mtandaoni na aweke na maandishi ya chini.

Kwa onyesho lenu andikianeni karatasi ya nusu ukurasa: jina la filamu, tarehe, ukumbi, mgao wa kiingilio, ruhusa ya onyesho moja tu, na kwamba haki zote zabaki kwa mwenyewe. Trela ya sekunde thelathini ndiyo iende mtandaoni. Wa tamasha akitaka kuiona filamu nzima, mwelekezi ampelekee kiungo chenye nywila. Na nakala zilizo kwenye laptopu yenu zifuteni wiki hiyo hiyo, mmoja wenu akishuhudia, kisha mmwandikie mwenye filamu kwamba zimefutwa. Flashi moja tu ikiangukia duka la kuuza filamu pale Mwembe Tayari, hakuna karatasi itakayoirudisha.